Shangazi, nikimlilia kaka yangu ninamkosea Mungu?

Mwanangu mpendwa,

Amina, Bwana Yesu asifiwe sana. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na kwa ajili ya wasomaji wengine nitaieleza kwa kifupi, nikiyaacha yale yanayoweza kukutambulisha. Wewe ni mama wa watoto wawili, Mlutheri uliyezaliwa Uchagani na sasa unaishi Dar es Salaam na mume wako. Miezi minne iliyopita mlimzika kaka yako kihambani, katika shamba la ukoo kwa wazazi, baada ya saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kumdhoofisha mbele ya macho yenu. Mlifunga na kuomba. Mtumishi mmoja aliyeletwa nyumbani alitamka kwamba mgonjwa amekwisha kupona, na wiki tatu baadaye kaka yako akafariki. Siku ya mazishi, ulipoanza kulia kaburini, mama mmoja wa usharika alikushika mkono akakunyamazisha, akisema kwamba Mkristo halii kama mtu asiye na tumaini. Umenyamaza mpaka leo. Usiku usingizi hauji, chakula unahisi kinakwama kooni, kila asubuhi unajipapasa shingo ukitafuta uvimbe, na Jumapili ya Chakula cha Bwana unabaki umeketi kwenye benchi kwa sababu unajiona mnafiki. Unauliza kama kumlilia kaka yako ni kumkosea Mungu, kama alikufa kwa kuwa imani yenu ilipungua, na ufanye nini na hofu ya kifo chako mwenyewe iliyokuingia tangu siku ile.

Pole sana, mwanangu. Pole ya kuondokewa na kaka, na pole nyingine ya kuzuiwa kumlilia.

Nianze na yale machozi, kwa sababu naamini kwamba mengi ya yanayokusumbua yamejifunga hapo. Mama yule aliunukuu waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, mstari wa 13, lakini aliunukuu kwa namna iliyougeuza kuwa amri ambayo mtume hakuitoa. Paulo anawaandikia watu waliofiwa, anawaambia hataki wakose kujua habari za wale waliolala mauti, “msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini”. Anachokizuia ni huzuni isiyoona kitu ng'ambo ya kaburi. Hajamzuia mtu yeyote kuhuzunika. Ushahidi wa jambo hili unatoka kwake mwenyewe. Katika waraka kwa Wafilipi, sura ya 2, anaeleza jinsi mwenzake Epafrodito alivyougua kiasi cha kufa, kisha anasema kwamba Mungu alimhurumia Epafrodito, na akamhurumia na yeye Paulo, asipatwe na huzuni juu ya huzuni. Fikiri juu ya maneno hayo. Mtume aliyeandika kwa ujasiri kuliko wote habari za ufufuo anakiri kwamba rafiki yake angekufa, angepata huzuni juu ya huzuni aliyokuwa nayo tayari, na wala haoni aibu kuliweka hilo katika barua iliyosomwa mbele ya kanisa zima.

Wakristo wa kwanza nao hawakuzika kwa ukimya. Stefano alipopigwa mawe, alikufa akiiona mbingu imefunguka, na kama kungekuwa na kifo ambacho ndugu wangesema hakina haja ya machozi, kingekuwa kile. Hata hivyo Matendo ya Mitume, sura ya 8, inasema watu watauwa walimzika na kumfanyia maombolezo makubwa. Naye Bwana mwenyewe, huko Bethania, alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Alijua kwamba muda mfupi ujao angemwita atoke kaburini. Pamoja na kujua hivyo, alipomwona Mariamu analia, na wale waliofuatana naye wanalia, aliugua rohoni, kisha Yesu akalia machozi. Tumaini lake halikuwa dogo kuliko la mama yule wa usharika, mwanangu, na bado alilia.

Jambo jingine katika sura hiyo ya 11 ya Yohana linakuhusu wewe kwa karibu zaidi. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia Bwana maneno yale yale: “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Hayo ni malalamiko ya dada waliofiwa na kaka, tena yanaelekezwa kwa yule waliyemtumia habari za ugonjwa mapema naye akakawia. Yesu hakuwakemea. Umeniandikia kwamba unaogopa kusali kwa sababu kila ukifumba macho linakujia swali la kwa nini Mungu hakusikia. Basi anza sala yako na swali hilo hilo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza “hata lini”, na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila hata mstari mmoja wa faraja, lakini Wayahudi waliihifadhi na kanisa likaipokea miongoni mwa maombi yake. Siku ambayo huna maneno, isome hiyo kwa sauti, ifungwe na amina, iwe imetosha.

Kwa kuwa unajiona mnafiki, nataka umjue mtu mmoja aliyepita njia hiyo hiyo. Agostino, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita Algeria leo, alifiwa na mama yake, Monika, mwaka 387 katika mji wa Ostia karibu na Roma, walipokuwa wakingoja kurudi nyumbani Afrika. Yeye na wenzake waliona kwamba haifai kumlilia mwanamke aliyekufa katika imani. Mtoto wake, Adeodato, alipoangua kilio, wote walimnyamazisha. Agostino alikwenda mazishini na kurudi bila kudondosha chozi, akienda kuoga akidhani maji yatamwondolea uchungu, na uchungu haukutoka. Alijiona ana huzuni mbili, ile ya kufiwa na ile ya kuona aibu kwamba anahuzunika. Ni baada ya kulala na kuamka, akiwa peke yake kitandani, ndipo alipoyaachilia machozi aliyokuwa ameyazuia, akamlilia mama yake mbele za Mungu. Na baadaye aliyaandika hayo wazi, akisema kwamba atakayesoma asimcheke, bali kama ana upendo mkubwa, na alie mbele za Mungu kwa ajili ya dhambi zake yeye Agostino. Huyo ni mmoja wa walimu wakubwa kuliko wote ambao kanisa limewahi kuwapata. Hata Martin Luther, ambaye kanisa lako linaitwa kwa jina lake, alipomzika binti yake Magdalena mwaka 1542, binti wa miaka 13, alimwandikia rafiki yake kwamba yeye na mke wake walipaswa kushukuru tu kwa mwisho mwema wa mtoto wao, lakini hawakuweza kufanya hivyo bila kulia na kuugua moyoni. Mama yule aliyekushika mkono kaburini huenda hajapata kuambiwa habari hizi, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini alikosea, na mimi nalisema hilo waziwazi kwa sababu wapo wengi wanaonyamazishwa hivyo katika misiba yetu.

Misiba yetu ina mambo mema ambayo sipendi yapotee. Majirani wanafunga turubai, kina mama wanaingia jikoni bila kuitwa, vijana wanachimba kaburi, waimbaji wanakesha, na rambirambi zinaandikwa kwenye daftari hata za mtu aliyeleta kidogo. Hakuna mfiwa anayeachwa peke yake siku hizo. Upungufu uko katika maneno na katika muda. Katika maneno, tunaharakisha kusema “kazi ya Mungu haina makosa” na “jikaze” kabla mfiwa hajamaliza hata sentensi moja. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na kwa siku hizo saba walikuwa wafariji wazuri kweli. Walianza kukosea walipofungua vinywa kumweleza sababu za mateso yake, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika. Katika muda, tunaanua matanga, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, na mfiwa anabaki na msiba wake wakati ambao ndio kwanza unaanza kumwingia. Miezi minne, mwanangu, si muda mrefu. Usishangae kwamba leo ni vigumu kuliko wiki ile ya mazishi, ulipokuwa umezungukwa na watu.

Sasa nije kwa mtumishi aliyetamka uponyaji. Hili limenikasirisha, na sitalificha. Kumwombea mgonjwa ni agizo la Maandiko, na mliomwombea kaka yako kwa kufunga mlifanya jema ambalo halikupotea. Lakini kumtangazia mtu kwamba amepona ilhali hawezi kumeza maji, kisha kuiachia familia mzigo wa kujiuliza ni nani aliyepungukiwa na imani, ni ukatili, hata ukivaa mavazi ya huduma. Paulo, ambaye kwa mikono yake wengi waliponywa, aliandika mwishoni mwa maisha yake kwamba Trofimo alimwacha Mileto, hawezi. Timotheo alikuwa na tumbo linalomsumbua na magonjwa ya mara kwa mara, na mtume alimpa ushauri wa kutumia mvinyo kidogo, wala hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na jibu alilopewa lilikuwa neema ya kumtosha, na mwiba ukabaki. Ikiwa hao hawakuhesabiwa kuwa watu wa imani ndogo, kaka yako hawezi kuhesabiwa hivyo, wala wewe.

Kuna na upande wa mwili ambao pengine hamkuelezwa vizuri. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kushuka hadi Malawi na kuendelea kusini, ni mojawapo ya sehemu za dunia ambako saratani ya umio imeenea kuliko kawaida, na nchi yetu imo. Ugonjwa huu una hila: umio hutanuka, na mgonjwa haoni shida ya kumeza mpaka njia imeziba kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana wagonjwa wengi hufika hospitali wakati tiba ya kuuondoa kabisa haiwezekani tena. Unajilaumu kwamba hukumlazimisha kwenda kupima mara ya kwanza alipoacha nyama mezani. Hukujua, naye hakujua. Mzigo huo uweke chini, na ukirudi tena akilini, umwambie Mungu kwa sauti kwamba umeurudisha kwake.

Kuhusu koo lako, nenda hospitali wiki hii. Nakusihi hivyo kama shangazi yako, na sioni kwamba kwenda kupima kunapunguza imani hata kidogo. Hofu na huzuni zinaweza kabisa kumfanya mtu ahisi donge kooni na kukosa hamu ya chakula, na inawezekana ndilo lililokupata. Lakini huwezi kulijua hilo kwa kujipapasa shingo kila asubuhi. Mweleze daktari yote mawili, kwamba kaka yako alikufa kwa saratani ya umio na kwamba umefiwa hivi karibuni, na umwambie kama vyakula vigumu kama ugali na nyama vinakwama kweli, na kama umepungua uzito. Akiona inafaa, atakupeleka kwenye kipimo cha endoskopi, ambacho ni mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Mwambie pia juu ya usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua hali ya majonzi yanayoendelea kwa ukali kwa zaidi ya miezi sita hadi yakamzuia mtu kuishi maisha yake. Wewe hujafika huko, na msaada wa mtu aliyesomea ushauri nasaha, pamoja na wa mchungaji wako, unaweza kukusaidia usifike. Na ikiwa siku yoyote utapata wazo la kutaka kumfuata kaka yako, usisubiri kuniandikia; mwambie mume wako saa hiyo hiyo na mwende hospitali pamoja.

Hata daktari akikukuta mzima, swali lako la tatu litabaki, kwa sababu ulichokiona kitandani kwa kaka yako ni kweli: siku moja itakuwa zamu yako, na itakuwa zamu yangu. Wengine watakuambia Mkristo haogopi kufa. Mimi sioni Biblia ikisema hivyo kwa wepesi namna hiyo. Paulo anakiita kifo adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa, na mtu akimwogopa adui hajafanya jambo la ajabu. Katika bustani ya Gethsemane, Bwana wetu aliwaambia wanafunzi kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akaomba kikombe kile kimwepuke ikiwezekana, akawaomba wenzake wakeshe naye. Aliogopa akiwa kifuani kwa Baba, na hofu hiyo haikumfanya mwenye dhambi. Waraka kwa Waebrania, sura ya 2, unasema alishiriki damu na mwili ili awaache huru wale ambao maisha yao yote walikuwa watumwa kwa hofu ya mauti. Naelewa kwamba uhuru huo haumaanishi kutohisi hofu; maana yake ni kwamba hofu haina tena haki ya kukupangia jinsi ya kuishi, kukuzuia kula, kukuzuia kulala, kukuondoa kwenye meza ya Bwana.

Basi Jumapili ijayo ya Chakula cha Bwana, simama uende. Nenda na machozi yako kama yatakuja. Ile si meza ya waliomaliza kuhuzunika. Inatangaza mauti ya Bwana hata ajapo, na anayekwenda kuila akiwa amefiwa anakwenda mahali panapotajwa kifo kwa jina lake na ufufuo pia kwa jina lake. Kaka yako aliila meza hiyo hiyo. Ukisimama pale na kanisa likikiri ufufuo na uzima wa milele, hayo ndiyo matumaini ambayo Paulo aliyataja kwa Wathesalonike, na unaweza kuyakiri kwa sauti inayotetemeka.

Nirudi kidogo kwa Agostino, maana habari za kifo chake zinanisaidia mimi mwenyewe katika umri huu. Alikufa mwaka 430, akiwa na miaka 75, mji wa Hippo ukiwa umezingirwa na jeshi la Wavandali. Alipoona mwisho umekaribia, aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akawa anazisoma na kulia, akaomba asisumbuliwe ila saa za daktari na za chakula. Hakujifanya jasiri. Alijiandaa, na alijiandaa kwa machozi na kwa maneno ya Mungu aliyoweza kuyaona kwa macho. Zaburi ya 90 inaomba tujulishwe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima, na kuhesabu siku ni tofauti na kuzitetemekea.

Sehemu ya kuzihesabu ni kutengeneza mambo ya nyumba. Umeniandikia kwamba mume wako alipendekeza muandike wosia na wewe ukakataa, ukisema ni kujichuria. Wosia haumwiti mtu kifo, mwanangu. Bwana alipokuwa msalabani, katika maumivu yale, alipanga nani atamtunza mama yake, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda. Andikeni nani atawalea watoto ikiwa wote wawili mtaondoka, mali ipi iende kwa nani, na mnataka kuzikwa wapi. Ofisi za RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, husaidia kuandaa wosia na kuuhifadhi. Nadhani hofu yako ya kuwaacha wanao itapungua makali ukishajua kwamba mmeshapanga, kuliko inavyopungua kwa kujaribu kutolifikiria.

Na huyo mdogo anayeuliza kila siku mjomba atarudi lini kutoka safarini, mwambieni ukweli. Mtoto wa miaka sita akiambiwa mtu amesafiri, anamngojea, na baadaye anaogopa kila mzazi anapofunga begi. Mwambieni kwamba mjomba aliugua sana, amekufa, mwili wake haupumui tena na hausikii maumivu, amezikwa nyumbani kwa bibi, na sisi tunaamini kwamba Yesu atamfufua. Akiuliza kama na wewe utakufa, usimwahidi usichoweza kukitimiza. Mwambie kwamba watu wote hufa, kwamba unatumaini kuishi naye kwa muda mrefu, na kwamba kuna watu watakaomtunza daima. Akikuona unalia wakati wa kumwambia, hakuna kilichoharibika.

Desemba mtapanda Moshi kwa ibada ya kuweka msalaba kaburini, na unaogopa kwamba utaangua kilio mbele ya ukoo. Ongea na mchungaji wa huko mapema kwa simu, umweleze yaliyotokea siku ya mazishi. Mchungaji mwenye hekima atasema neno katika mahubiri litakalowafungulia wengi. Wachukue watoto. Mama yako, ambaye unasema amekuwa mkimya tangu msiba na anakataa kulitaja jina la mwanawe, huenda naye aliambiwa ajikaze. Usimpe mafundisho. Keti naye jikoni, mtaje kaka yako kwa jina, umsimulie jambo alilokuwa akilifanya utotoni, kisha mwachie nafasi; akilia, lia naye. Fikeni kabla ya siku ya ibada na mkae naye hata baada ya wageni kuondoka, na umjulishe mapema ni siku ngapi mtakaa, ajue kwamba safari hii hamtaondoka pamoja na wengine.

Wako,
Shangazi